Mnajimu wa Dar: mwongozo kamili wa kujenga ufundi bila kuishi kwa kutisha watu

Dar haina upungufu wa watabiri. Nguzo za umeme zimejaa mabango ya kurudisha mpenzi, na kwenye simu kila asubuhi kuna anayemwambia mwenye nyota ya Nge ajihadhari na rafiki wa karibu. Anayekosekana ni mnajimu ambaye mteja akitoka kwake anajua kesho afanye nini.

Nimeandika haya kwa anayejifunza kazi, na kwa aliyekwisha kuianza lakini anahisi maneno yake yanazidi kuwa mazito mwaka hadi mwaka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kutisha ni dalili ya ufundi mdogo. Asiyejua kusoma ramani, yaani mchoro wa anga la saa mtu alipozaliwa, hujaza pengo kwa mikosi na maadui, kwa sababu mkosi hauhitaji hesabu. Anayejua hesabu ana mengi ya kusema bila kumtia mtu kiwewe. Kwa hiyo mtazamo mzuri tutaufikia kupitia kazi yenyewe, na kazi yenyewe inaanza na saa.

Hatua ya 1: Ipate saa kabla hujagusa programu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu bila kujua. Programu za unajimu zinahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi mchana tunauhesabu tangu kunapokucha na usiku tangu jua linapozama. Mteja akisema "saa moja usiku" anamaanisha 19:00. Ukiandika 01:00, umemsomea mtu mwingine kabisa.

Tuchukue mfano tuuone kwa karibu. Mteja anaitwa Juma, amezaliwa Dar tarehe 10 Agosti 1978, saa moja usiku. Ukiingiza 19:00, nyota inayochomoza upande wa mashariki ni Ndoo, nyuzi 27 hivi, na Jua lililo katika Simba limeshazama magharibi. Ukihesabu nyumba, yaani mafungu kumi na mawili ya maisha, kwa nyota nzima (kila nyota nyumba moja, kuanzia inayochomoza), Simba inakuwa nyumba ya saba, ya ndoa na washirika. Ukikosea ukaingiza 01:00, inayochomoza ni Ng'ombe, nayo Simba inageuka nyumba ya nne, ya wazazi na nyumbani. Utamhubiria habari za baba yake wakati amekuja na swali la mke.

Sasa mpigie mama yake. Usiulize "alizaliwa saa ngapi?" moja kwa moja, maana atakutajia chochote ili asikukatishe tamaa. Uliza kilichokuwa kinaendelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, siku anazaliwa Juma, kulikuwa bado kweupe?"

"Kweupe wapi! Wenzangu walikuwa ndiyo kwanza wametoka kufuturu."

Kwa jibu hilo umepata vitu viwili. Agosti 10 mwaka 1978 ilikuwa ndani ya Ramadhani, kwa hiyo tarehe inakubaliana na futari. Na Dar katikati ya Agosti jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, kwa hiyo "wametoka kufuturu" na "saa moja usiku" zinashikana. Kuna cha tatu. Kalenda inasema siku ile ilikuwa Alhamisi, lakini mtoto kaitwa Juma, jina la aliyezaliwa Ijumaa. Mnajimu mchanga ataona mgongano. Mwenye kuyajua mambo ya pwani ataona ushahidi: siku yetu ya jadi inaanza magharibi, usiku ule ulikuwa wa kuamkia Ijumaa, na jina lenyewe linakuthibitishia kwamba mtoto alikuja baada ya jua kuzama.

Majina yanasaidia hivyo mara nyingi. Hamisi, Jumanne, Mwajuma, Ramadhani, Shaabani, Masika: kila moja ni swali la kuuliza. Usilifanye hukumu, kwa sababu wengi wamerithi jina la babu. Tarehe ya kwanza ya mwezi, hasa Januari au Julai, kwa mtu mzima iulize mara mbili, huenda iliandikwa kwa kukadiria. Pia kuna umri wa makaratasi, wa mtu aliyepunguza miaka ili apate shule au timu ya mpira. Mwambie kwa upole kwamba wewe si Uhamiaji, unahitaji tarehe aliyoijua mama yake. Cheti cha kuzaliwa usikitegemee kwa saa. Tegemea adhana, taarifa ya habari ya saa mbili redioni, zamu ya wauguzi, mvua.

Kama unachora kwa mkono, kumbuka saa rasmi ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo 45 mashariki, nao haupiti Dar. Dar iko karibu 39.3. Kila nyuzi ni dakika 4, hivyo saa ya kweli ya mahali hapa iko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23 hivi. Programu inalirekebisha hilo yenyewe ukichagua mji, kwa hiyo usipunguze tena. Kwa waliozaliwa enzi za mkoloni kuna mtego zaidi: programu mbili zinaweza kutofautiana robo saa kwa mtu wa mwaka 1955, kwa sababu kumbukumbu za saa rasmi ya Tanganyika hazilingani. Robo saa ni karibu nyuzi 4 za nyota inayochomoza. Ikiwa nyota hiyo iko mwanzoni au mwishoni, mweleze mteja kwamba nyumba zake zina mashaka, kisha jikite kwenye Jua, Mwezi na sayari nyingine.

Ukaguzi wa mwisho hauchukui hata dakika. Aliyezaliwa mchana, Jua lazima liwe juu ya mstari wa upeo kwenye ramani. Aliyezaliwa usiku, liwe chini. Aliyezaliwa kunakucha, Jua na nyota inayochomoza viwe karibu karibu. Ikiwa sivyo, umeingiza saa vibaya.

Hatua ya 2: Toka nje ukatazame

Inashangaza ni wanajimu wangapi hawajawahi kuiona Zohali kwa macho yao. Dar tuna bahati, pwani yetu inatazama mashariki. Nenda Coco Beach au Kigamboni alfajiri utaona sayari zikipanda kutoka baharini. Zuhura, majira yake ya alfajiri, huwezi kuikosa, inang'aa kuliko nyota zote. Mirihi ina wekundu. Mshtarii ni nyeupe na imetulia. Zohali imepoa, haina makeke.

Kijue Kilimia, kile kishada cha nyota kinachokaa katika kundi la nyota la Ng'ombe. Wazee walipangia kilimo kwa hicho, ndiyo maana wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Fuata pia mwandamo. Kwa Juma wetu, Ramadhani ilikuwa na siku chache tu, kwa hiyo jioni ile Mwezi ulikuwa unakaribia nusu, na Mwezi wa nusu ya kwanza jua likizama huwa juu ya utosi. Ramani yake inaonyesha hivyohivyo: Mwezi uko Nge, juu kabisa, nyumba ya kumi. Ukizoea kulinganisha namna hii, hutababaishwa na kosa la programu.

Hatua ya 3: Chagua njia moja uishike

Mjini hapa kuna njia tatu zinazokutana kila siku. Kuna ya kimagharibi, inayoanzia hesabu kwenye nukta Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Kuna ya Kihindi, ambayo familia za Kihindu za Upanga na Kisutu zinaitumia kutafuta siku ya harusi. Hiyo inafuata nyota zenyewe angani, na leo imeachana na ya kwanza kwa nyuzi 24 hivi, kwa kuwa anga linasogea nyuzi moja kila miaka 72 au karibu na hapo. Ndiyo sababu mtu aliyezaliwa Aprili mwanzoni ni Punda kwako na Samaki kwa mnajimu wa jirani. Hakuna aliyekosea hesabu. Ya tatu ni ya pwani, ya falaki (elimu ya nyota) na abjadi (kila herufi na namba yake), inayojumlisha herufi za jina la mtu na la mama yake kisha kugawa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachotaja nyota. Kwa njia hiyo ndiyo watu wengi wa mtaani "wanavyojua nyota yao", na wengi waliizoea kwa wanajimu wa zamani kama Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, aliyefariki mwaka 2011.

Zisome zote ukipenda. Ila kikao kimoja, njia moja. Anayechanganya huwa anatafuta jibu analolitaka, na kwenye njia tatu halikosekani. Mteja akisema kwa mwingine aliambiwa ni Mizani, mweleze tofauti ya hesabu kwa sentensi mbili na usimponde mwenzako.

Hatua ya 4: Soma kwa utaratibu uleule kila mara

Anza na nyota inayochomoza na sayari inayoitawala. Kisha Jua, kisha Mwezi. Baada ya hapo sayari zilizo kwenye pembe nne, yaani nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi. Ndipo uangalie sayari zinazotazamana au zilizokaa pamoja. Uranus, Neptune na Pluto ziache mwisho. Zilionekana miaka ya 1781, 1846 na 1930, na unajimu ulikuwa umeshafanya kazi karne nyingi bila hizo. Mimi nazitumia kidogo sana.

Utaratibu unakukinga na tamaa ya kurukia kilicho kikali. Ukiona Mirihi na Zohali zimekabiliana, mkono unawasha kusema. Ngoja zamu yake ifike, kwa kuwa mengine yote uliyoyasoma huenda yameshaipoza.

Hatua ya 5: Daftari, na ukweli usiopendeza

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake uchambuzi wa tabia, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Kumbe wote walipewa maandishi yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha nyota cha mitaani. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Mwaka 1985 jarida la Nature likachapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa ramani ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague yaliyo yake. Walipatia kama theluthi, yaani sawa na aliyefumba macho.

Mnajimu anayeyajua haya hajitangazi kwamba anaona kesho. Mimi naichukulia ramani kama namna ya kuongea na mtu kuhusu maisha yake kwa mpangilio ambao peke yake asingeupata, na mteja namwambia hivyo kabla hajatoa hela. Wachache huondoka. Wanaobaki ni wateja wazuri.

Kwa upande wa ufundi, Forer anakupa kipimo. Kila sentensi unayotaka kuisema, jiulize kama ingemfaa pia mtu anayefuata kwenye foleni. "Una moyo mzuri lakini watu hawakuthamini" inamfaa abiria yeyote wa mwendokasi. Ifute. "Kwenye ramani yako Mwezi uko nyumba ya kumi, je, kazi yako inakulazimisha kubeba hisia za watu?" hapo mteja anaweza kukujibu hapana, na hapana yake inakufundisha.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, nilichosema kwa maneno yaleyale, sababu kwenye ramani, na kilichotokea. Andika kabla mteja hajaondoka, maana kumbukumbu ina upendeleo. Baada ya miezi kadhaa utaona ni sentensi zipi huwa unazirudia kwa kila mtu.

Hatua ya 6: Kauli

Mama ntilie wa Buguruni amekuja. Anataka kuchukua mkopo, ile ya kausha damu yenye riba kali, aongeze meza mbili. Unaona Zohali inapita nyumba yake ya pili, ya fedha.

Mnajimu wa vitisho atasema: "Zohali imekukalia kwenye hela. Kila utakachogusa kitakauka." Mama anaondoka na hofu, na mkopo anachukua vilevile kwa kuwa shida iko palepale. Mnajimu wa kupendeza naye atasema Mshtarii ipo vizuri, achukue tu, baraka zinakuja. Huyu simwiti mwenye mtazamo chanya. Huyu ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu deni halisomi nyota.

Sema hivi: "Mama, Zohali ipo kwenye nyumba yako ya fedha. Kwenye unajimu hiki ni kipindi cha mahesabu, kila shilingi inaulizwa imetoka wapi na inakwenda wapi. Hebu niambie, marejesho ni ya kila siku au kila wiki? Siku ya mvua, wateja hawapo, utalipa na nini?" Atajibu mwenyewe. Mara nyingi hesabu inakatika hapohapo mbele yenu, na anaamua meza moja, kwa hela ya mchezo (upatu) akipokea zamu yake.

Mtazamo mzuri kwangu ndio huo: mteja anaondoka na jambo la kufanya, na jambo hilo lina maana hata kama nyota hazina neno. Fuata mwendo wa sayari katika kupanga maneno yako. Zohali inazunguka Jua kwa miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo mtu wa miaka 28 hadi 30 akija amevurugwa, mwambie kwamba kwa unajimu huu ni umri wa kupitia upya ndoa, kazi na makazi, kisha muulize ni kipi kati ya hivyo alichochaguliwa na wengine. Mshtarii inarudi kila miaka 12, ndiyo ya miaka 24, 36, 48: swali lake ni elimu, safari, kukua. Zebaki kurudi nyuma, yaani kuonekana kutoka duniani kana kwamba imegeuza mwendo, isikupe makelele. Inatokea mara tatu au nne kila mwaka, wiki tatu hivi kila mara, na watu wanasaini mikataba yao salama. Mwambie asome karatasi kabla ya kusaini, ushauri unaofaa mwaka mzima.

Kuna sentensi moja utaisikia Dar kuliko nyingine zote: "Nyota yangu imeibiwa." Au imefungwa, au imechafuliwa, na tayari kuna mtu amemtajia bei ya kuisafisha. Usimcheke. Fungua ramani umwonyeshe. Hapa ndipo Mirihi ilipokuwa saa uliyozaliwa, hapa Zuhura. Jambo limeshatokea angani. Nani anaweza kwenda kulihamisha? Kwa hesabu za unajimu wenyewe, nyota ya mtu haiibiki. Nimeona mabega ya watu wazima yakishuka kwa maelezo hayo tu. Kisha uliza kilichompata hasa, maana nyuma ya "nyota imeibiwa" huwa kuna kazi iliyopotea, mimba iliyoharibika au ndugu aliyenuna.

Hatua ya 7: Usiyoyagusa

Usimtaje mtu. Kamwe usiseme jirani, mama mkwe au mke mwenza ndiye chanzo. Hiyo ni ramli chonganishi, na nchi hii imeiona ikimwaga damu ya vikongwe na ya watu wenye ualbino. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuipiga marufuku. Ukisema tu "mwanamke mweusi, mfupi, wa karibu", umeshataja.

Usitabiri kifo wala tarehe yake. Ugonjwa mpeleke hospitali, na useme "nenda hospitali" kwa maneno hayohayo bila kuzungukazunguka. Usitoe namba za kubeti. Usisome ramani ya mtu ambaye hayupo na hajaridhia, hata kama anayeomba ni mkewe. Kama pia unatoa dawa za asili, hiyo ni kazi nyingine yenye sheria yake ya mwaka 2002 na baraza lake la usajili. Usiifiche chini ya unajimu.

Hatua ya 8: Bei na siri

Taja bei kabla ya kikao, iwe moja kwa tajiri na maskini, na isiwe na "nyongeza ya kuondoa mkosi". Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na siri za ndoa ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa. Kwenye daftari tumia namba badala ya majina. Ramani ya mteja usiirushe kwenye stetasi, hata akiwa mtu maarufu. Hasa akiwa mtu maarufu.

Hatua ya 9: Akili yako mwenyewe

Kazi hii inachosha kwa namna ambayo hutaitambua mapema, kwani watu hawaji wakiwa na furaha. Panga idadi ya wateja kwa siku usiivuke, na uache siku moja kwa wiki bila ramani ya mtu yeyote, ikiwemo yako. Mnajimu anayefungua ramani yake kila asubuhi kabla ya kupanda daladala ameshaanza kuumwa ugonjwa anaowatibu wengine.

Utaitwa mshirikina, msikitini na kanisani. Usibishane. Wana hoja zao za dini na hukuajiriwa kuzivunja. Mteja anayesitasita kwa sababu ya imani yake mwache aende, tena mrudishie hela yake.

Tafuta mwenzako mmoja mnayeaminiana, mkutane mara moja kwa mwezi mkisomeana daftari bila majina ya wateja. Msikilize akikwambia "hii sentensi ulimtisha mtu bure".

Na kuhusu mteja anayerudi kila wiki, kwanza kuuliza kuhusu kazi, kisha kuhusu safari ya Morogoro, kisha kama anunue sofa: anakulipa vizuri, lakini ameacha kuamua mwenyewe. Mwambie kikao kinachofuata ni siku yake ya kuzaliwa. Likitokea jambo zito kabla ya hapo, aandike kwanza kwenye karatasi yeye angeamua nini na kwa nini, ndipo akupigie.